Thaddeus Stevens na Suala la Ardhi

Tarehe 11 Agosti 1868 alifariki mjini Washington Thaddeus Stevens, mwanasheria na mbunge wa Pennsylvania nchini Marekani. Alizikwa Lancaster, katika makaburi madogo aliyoyachagua mwenyewe kwa kuwa hayakuwabagua maiti kwa rangi ya ngozi zao.

Lakini Stevens hakuanzia hapo. Alizaliwa Vermont mwaka 1792, katika familia maskini, akiwa na kilema cha mguu. Mwaka 1821, alipokuwa wakili mjini Gettysburg, alimwakilisha bwana mmoja mwenye watumwa na akashinda. Kwa ushindi huo Charity Butler, mwanamke mweusi aliyedai uhuru wake, alirudishwa utumwani pamoja na watoto wake. Baadaye Stevens aligeuka akawa mtetezi wa watumwa waliotoroka, na mwaka 1838 alikataa kutia saini Katiba ya jimbo la Pennsylvania kwa sababu iliwanyima watu weusi haki ya kupiga kura.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Stevens alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa Bunge. Alipigania marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa mwaka huo huo, na ya 14, yaliyowahakikishia uraia wale waliokuwa watumwa, na ambayo yalithibitishwa wiki chache tu kabla ya kifo chake.

Hata hivyo, alitambua kwamba sheria peke yake haishibishi. Mwezi Septemba 1865, akihutubia Lancaster, alipendekeza mashamba makubwa ya waasi yatwaliwe, na kila mwanamume mtu mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Wabunge wenzake walikataa. Waliokuwa tayari kuvunja minyororo hawakuwa tayari kugusa mali.

Matokeo yake yalikuwa machungu. Watu huru walirudi kulima mashamba ya mabwana wale wale kwa kugawana mavuno, huku madeni yakiwaandama mwaka hadi mwaka. Mtu anayemtegemea mwenye shamba kwa chakula na malazi ni vigumu kupiga kura kinyume chake. Majeshi ya Serikali Kuu yalipoacha kuzilinda serikali za Kusini mwaka 1877, haki ya kura nayo ilianza kunyang'anywa, na haikulindwa kwa dhati hadi sheria ya mwaka 1965.

Hapana shaka Stevens aliwafungulia wanyonge mlango wa uhuru. Kilichokosekana ni mahali pao wenyewe pa kukanyaga.