Kovu la mkono wa mzee: historia ya ndui na mpox katika Kongo

Ukitazama mkono wa mzee aliyezaliwa mbele ya mwaka wa 1980, mara nyingi utaona kovu dogo la mviringo karibu na bega. Ni alama ya chanjo ya ndui, ugonjwa ulioua watu wengi na kuwaachia waliopona mashimo usoni.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui katika inchi yetu alionekana mwaka wa 1971. Mei 1980, OMS ilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani, na chanjo ikasimamishwa. Watoto waliozaliwa baadaye hawana kovu lile, wala kinga yake.

Lakini mwaka wa 1970, huko Basankusu, jimbo la Equateur, mtoto wa miezi 9 asiyechanjwa alitokwa na vipele. Waganga walidhani ni ndui. Vipimo vikaonyesha virusi vingine, vilivyogunduliwa mwaka wa 1958 kwa nyani wa maabara huko Copenhagen. Ndiye mtu wa kwanza kujulikana kuugua ugonjwa huo. Ukaitwa ndui ya nyani, ingawa wanaoubeba zaidi wanadhaniwa kuwa panya na kindi wa porini. Novemba 2022, OMS ilichagua jina la mpox, kwa sababu jina la zamani lilileta dharau.

Virusi vya mpox ni ndugu wa vile vya ndui, ndiyo sababu chanjo ya zamani iliwakinga wazee pia. Kinga ilipopungua kati ya watu, mpox ikapata njia. Mwisho wa 2023 ilienea Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, Kivu ya Kusini. Tarehe 14 Agosti 2024, OMS ilitangaza hali ya hatari ya kimataifa. Chanjo zilianza kutolewa Goma Oktoba 2024.

Majumbani, kila kipele huitwa surua au tetekuwanga, na siku zinapotea. Tujue tofauti: katika mpox, madoa huwa vipele, kisha malengelenge, usaha na magamba, mara nyingi hata viganjani na nyayoni, na mitoki huvimba. Tetekuwanga kwa kawaida haivimbishi mitoki hivyo. Ukiona dalili hizo, usimfiche mgonjwa. Mpeleke mapema kwenye kituo cha afya.