Macho Mawili na Mteremko wa Mlima

Nyinyi mlio Tanga, Pangani na Muheza, kila mmoja ashike daftari wima mbele ya pua, umbali wa shibiri moja na nusu. Sasa ligeuzeni: ukingo wa kulia uwe karibu nanyi, wa kushoto uwe mbali. Fumbeni jicho la kulia, tazameni. Kisha fumbeni la kushoto. Je, jalada ni lile lile? La. Jicho la kushoto laliona pana, la kulia laliona jembamba. Fumbueni yote mawili: mwaona jalada moja tu, nalo limekaa mshazari.

Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alisimamisha vinguzo vya nta juu ya ubao ili achunguze macho mawili yanavyoshirikiana. Lakini kwamba tofauti ile ndogo yatuonyesha kilicho karibu na kilicho mbali, hilo alilithibitisha Mwingereza Charles Wheatstone mwaka 1838. Alichora picha mbili za kitu kimoja, kila moja kama jicho moja lionavyo, akazitazama kwa vioo viwili. Mistari ya wino ikainuka kama kitu cha kushikika!

Hata hivyo, macho yetu yana mpaka. Ukisimama mbali na Usambara, mlima huonekana kama ukuta tu. Macho yetu yameachana sentimita 6 na nusu hivi, na kwa mlima ulio mbali picha zake mbili karibu zalingana.

Wapima ramani walipata dawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege zilipiga picha nchi ya Tanganyika, kila picha ikirudia sehemu ya iliyotangulia. Kati ya picha na picha ndege imekwenda mbali. Ni kama jitu lenye jicho moja shambani na jingine ng'ambo ya mto! Zikitazamwa pamoja kwa chombo cha namna ile ya Wheatstone, miteremko yainuka, tena kupita kiasi: kilima cha kawaida chaonekana genge. Ndiyo maana mpimaji hayasadiki macho yake mpaka apige hesabu.

Na ukali wa mteremko si jambo dogo kwa mwenye jembe. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, na baadaye Wasambaa wakalazimishwa kulima matuta miteremkoni. Kazi ilikuwa nzito, watu wakaikataa, na kabla ya Uhuru wa mwaka 1961 mpango ukaachwa.