Waranti Ikiisha, Betri Inabaki ya Nani? Historia Fupi Kabla Mjomba Hajamaliza Bonasi

Wale mlizoea niandike mambo ya mpira na bei ya majani chai, leo tuvumiliane. Leo ni gari.

Bonasi ya chai ilipoingia Oktoba, mjomba wangu hapa Boito aliniita nyumbani kwake, akanimiminia chai, kisha akanipa simu. "Kijana, wewe ndio mtu wa mitandao. Hebu niangalizie hii." Ilikuwa Nissan Leaf, gari la umeme lililotumika Japani, safi kabisa kwa picha. Chini ya bei, muuzaji alikuwa ameongeza kitu kingine: waranti ya ziada, miaka miwili, Sh120,000. Mjomba akaniuliza swali moja tu. "Nikilipa hii, nalala usingizi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba wiki moja nisome. Nilichokuta ni kwamba swali la mjomba lina zaidi ya miaka mia moja.

Wengi wetu tunadhani gari la umeme lilizaliwa juzi. Hapana. Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari 4,192. Ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli 936 tu. Petroli ndio ilikuwa inavuta mkia! Lakini hata wakati ule mnunuzi wa gari la umeme alikuwa na hofu ileile ya mjomba: betri ni ghali, inazeeka, na ikifa gari linabaki kibanda cha kuku.

Mji wa Hartford kule Marekani ulipata jibu ambalo mimi naona ni la akili sana. Kuanzia 1910, kampuni ya umeme ya pale ilianza kuhudumia malori ambayo mwenyewe alinunua bila betri. Betri ilikuwa ya kampuni. Ulilipa ada ya kila mwezi na pesa kidogo kwa kila maili, na betri ikiisha moto unabadilishiwa nyingine. Mpango ule ulidumu hadi 1924. Angalia vizuri kilichofanyika pale. Mzigo wa betri kuzeeka ulitoka kwa mwenye lori ukaenda kwa kampuni iliyoijua betri vizuri. Haikuwa ahadi ya karatasi. Betri ikifa, hasara ni yao.

Kama unaona inafanana na boda za umeme za Nairobi, hujakosea. Ampersand, walioanza Rwanda, na Spiro wanafanya karibu hivyo: dereva anafika kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa. Hajali betri ina miaka mingapi. Shida ni kwamba mtindo huo unataka kituo kiwe karibu, na mjomba anataka gari la kumpeleka mama kliniki Litein na kurudi.

Basi petroli ilishinda. Mwaka 1912 Cadillac walianza kuuza gari lenye starta ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na shida ya kuzungusha mkono kwenye baridi ikaisha. Mafuta yakawa rahisi. Betri ikarudi kuwa kitu cha kuwasha gari tu.

Sasa tuje kwetu. Marehemu babu alikuwa na Peugeot 404, na alikuwa akitukumbusha kwamba gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mara nne miaka ya sitini. Baada ya Rais Kenyatta kuruhusu matatu zifanye kazi bila leseni mwaka 1973, gari kama lake ndilo lilibeba watu, magunia na kuku kwenye barabara zetu. Waranti ya babu ilikuwa wapi? Hakuwa nayo. Waranti yake ilikuwa fundi aliyeketi chini ya mti, spana tatu, na spea iliyotolewa kwenye 404 nyingine iliyokufa. Gari likigoma asubuhi, jioni linatembea. Utamaduni wa jua kali ndio bima tuliyorithi, na ndio maana leo kila kijiji kina mtu anayeijua Probox kuliko anavyojua watoto wake.

Gari la umeme linavunja huo mkataba. Injini haina pistoni, hakuna oili ya kubadilisha, hakuna giaboksi ya kukusumbua. Vitu vya kuharibika ni vichache. Lakini kile kimoja kikubwa, betri, ndicho chenye pesa, na fundi wa chini ya mti hawezi kukigusa kwa spana. Umeme wake ni zaidi ya volti 300. Unaua.

Leaf yenyewe ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2010. Betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu. Kufikia 2012, wenye magari katika joto la Arizona walianza kulalamika: vile vistari 12 vya kuonyesha afya ya betri vinapotea upesi. Ni baada ya kelele hizo, na kesi mahakamani, ndipo Nissan ikatoa dhamana ya uwezo wa betri kule Marekani: miaka 5 au maili 60,000, vistari vikishuka chini ya tisa watarekebisha. Nataka ukumbuke hili. Dhamana ile haikuja kwa huruma. Wateja waliidai.

Japani, Leaf zenye betri kubwa zaidi zilipewa miaka 8 au kilomita 160,000. Na Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Umeona hesabu hiyo? Gari la miaka saba likishuka Mombasa, dhamana ya kiwandani iko ukingoni, na hata ingebaki, iliandikwa kwa ajili ya mteja wa Japani. Mjomba wa Boito hayumo.

Hapo ndipo anaingia muuzaji na Sh120,000 zake. Niliomba nitumiwe masharti. Kurasa nne. Ukurasa wa kwanza umejaa maneno matamu. Ukurasa wa tatu unasema fidia haitapita Sh300,000, na kwamba "kupungua kwa kawaida kwa uwezo wa betri" hakuhusiki. Yaani kile hasa mjomba anachoogopa ndicho kimetolewa nje!

Hata tukisahau hilo, piga hesabu. Unalipa 120,000 ili upate 300,000 ukibahatika kuharibikiwa. Ili pesa yako irudi, magari mawili kati ya kila matano yangelazimika kuharibika vibaya ndani ya miaka miwili. Kama muuzaji anaamini magari yake ni mabovu kiasi hicho, kwa nini unayanunua? Na kama haamini, basi anajua pesa nyingi zitabaki kwake.

Sisemi waranti zote ni utapeli. Ukiwa na gari moja tu, ndio mkate wako, na huna akiba hata kidogo, kulipa kidogo kidogo ili usifilisike siku moja ni jambo la busara. Lakini lazima betri iwe imetajwa wazi, na aliyekuahidi awe bado yupo siku hiyo. NopeaRide ilianzisha teksi za Leaf Nairobi mwaka 2018. Mwishoni mwa 2022 ilifunga, kampuni mama ya Finland ilipoishiwa pesa. Magari yalikuwa bado yanatembea. Kampuni ndiyo iliyokufa.

Kuna habari njema pia. Adui mkubwa wa betri ni joto, na sisi huku kwenye chai tunavaa sweta hadi mchana. Tena betri ya Leaf ni moduli nyingi zilizopangwa pamoja, kwa hiyo aliyesomea anaweza kubadilisha iliyokufa bila kununua betri nzima. Ningetamani kaunti ifundishe kazi hiyo kwenye vyuo vyetu vya ufundi, kwa sababu bila fundi wa karibu karatasi haitatusaidia.

Nilimwambia mjomba mambo matatu. Betri ipimwe kwa kifaa kabla hujatoa hata shilingi. Zile 120,000 ziende SACCO, ziitwe pesa za betri, zisiguswe. Na gari lisipokuwa na vistari 11 au 12, mwachie mwenyewe.

Lile la kwenye picha lilipopimwa, lilikuwa na tisa. Mjomba alinyamaza, akarudisha simu mfukoni, akaniuliza kama chai imepoa. Bado anatafuta. Pesa ziko SACCO.

Wewe ungelipa hiyo waranti? Nijibu hapo chini, hasa kama unaendesha la umeme huku vilimani.