Fimbo ya Mjomba: Historia Fupi ya Gitaa la Kujitengenezea, kutoka Rumonge hadi Kambini



Kamati imeniomba niandike machache kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Wenzangu wameandika juu ya njia tuliyopita na juu ya wale tuliowazika njiani. Mimi ni fundi. Nitaandika juu ya chombo kimoja ambacho wengi wenu mmekisikia katika sherehe zetu, yaani gitaa la umeme lililotengenezwa humu humu kambini. Watu huniuliza nililitoa wapi. Jibu lake ni historia.

GITAA LILIVYOFIKA ZIWANI

Kabla ya gitaa Warundi tulikuwa na inanga, nyuzi zilizokazwa juu ya ubao uliochongwa kama karai refu. Katika inanga kila uzi una sauti yake. Gitaa ni jambo jingine: uzi mmoja hutoa sauti nyingi, kwa hiyo lazima mtu aamue uzi ukatwe wapi. Hapo ndipo kazi yote ilipo, kama mtakavyoona.

Gitaa lilitufikia kwa redio, kwa santuri na kwa watu wa vyombo vya majini. Ng'ambo ya Tanganyika ni Kongo, na Kiswahili cha Rumonge, cha Uvira, cha Kalemie na cha Ujiji husikilizana bila mkalimani. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka. Kinshasa alikuwako Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alijitengenezea gitaa la kienyeji, akalipiga sokoni ili kuwavuta wateja kwenye biashara ya mama yake. Mwaka 1956 kijana huyo alikuwa mmoja wa waanzilishi wa O.K. Jazz.

Kwetu Rumonge watoto walifanya vivyo hivyo: kopo, kipande cha ubao, na nailoni ya kuvulia samaki. Jioni wavuvi wakiwasha karabai kwenda kutafuta ndagala, sisi tulibaki ufukoni na makopo yetu.

MJOMBA NA FIMBO YAKE

Mjomba wangu alikuwa fundi redio. Tarehe 29 Aprili 1972 ghasia zilipoanza Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyofuata yakaenea nchi nzima, alikimbilia Kigoma kwa mtumbwi. Wengi wa kizazi chake walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Yeye alirudi Rumonge kabla ya mwaka 1980, akafungua tena kibanda chake.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nailoni haifai kwa gitaa la umeme. Gitaa hilo halisikilizi hewa. Linasikiliza chuma. Chini ya nyuzi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba nyekundu, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana huzaliwa katika waya, nao hupelekwa kwenye redio au amplifaya. Nailoni hata ukiipiga mpaka ikatike, sumaku haina habari nayo. Kwa hiyo mjomba alifumua waya wa breki za baiskeli apate nyuzi, akatoa shaba katika transfoma zilizoungua.

Kwa kupanda freti, yaani vile vyuma vya shingoni, alikuwa na fimbo yenye alama za kisu. Hesabu yake ilikuwa hii: pima urefu wa uzi, gawanya kwa 18, hapo panda freti ya kwanza. Urefu uliobaki gawanya tena kwa 18, panda ya pili, na kuendelea. Gitaa lake lilikuwa na uzi wa milimita 630, kwa hiyo freti ya kwanza ilikaa kwenye milimita 35 kamili. Baadaye nilisoma kwamba Mwitalia Vincenzo Galilei, baba yake mwanasayansi Galileo, aliitetea hesabu hiyo ya 18 tangu mwaka 1581. Mjomba hakumsoma. Kanuni nzuri hupita mkono kwa mkono bila pasipoti.

Jambo moja lilinikera. Daraja la gitaa lake, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa chini, hakulipigilia misumari. Lilishikiliwa na nyuzi tu, na kila akibadilisha nyuzi alikaa nusu saa akilisukuma huku na huku kwa kidole gumba. Nilidhani ni uzembe wa mzee.

NILICHOKIBEBA NA NILICHOKIACHA

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Siku zilizofuata tuliondoka. Gitaa lilibaki kibandani, na mjomba pia alibaki, sikumwona tena. Fimbo niliichukua kwa sababu mama alihitaji mti wa kubebea mzigo.

Nilirudi nyumbani amani ilipopatikana, na mwaka 2015 nikakimbia mara ya pili. Safari hii tulipita Kagunga, ule ufuko mwembamba chini ya mlima uliojaa maelfu ya watu na kipindupindu, mpaka meli Liemba ilipotuchukua kwenda Kigoma. Fimbo ilikuwa nami.

Hapa kambini nilitengeneza gitaa kwa ajili ya vijana wa kwaya. Nilifuata alama za mjomba moja baada ya nyingine. Daraja nililipigilia imara kwenye milimita 630, nikajisifu kwamba nimemshinda mwalimu. Lilipopigwa peke yake lilipendeza. Lilipopigwa pamoja na kinanda cha kanisa, chini ya shingo palikuwa sawa, lakini kadiri vidole vilivyopanda, nyuzi nyembamba zilibaki nyuma ya kinanda. Mpiga kinanda alilaumu gitaa, mpiga gitaa alilaumu kinanda, na kwaya ikakaribia kuvunjika.

Nilikaa na kalamu. Freti ya 12 inapaswa kukata uzi katikati, yaani milimita 315. Kwa kugawanya kwa 18 inaangukia karibu milimita 312.7. Namba iliyo sahihi zaidi ni 17.817, ambayo huifikisha katikati barabara. Nikasema: basi mjomba alikosea, na mimi nimebeba kosa lake miaka zaidi ya ishirini.

Ndipo nilipokumbuka kidole gumba chake. Hakukosea. Fimbo ilikuwa nusu tu ya elimu yake, na nusu ya pili ilikuwa sikioni. Ukilisogeza daraja mbele kidogo, freti zilizopandwa kwa 18 hurudi karibu kabisa na mahali pake. Niling'oa misumari yangu.

NAMNA YA KULINGANISHA

Kwa vijana wanaotaka kujifunza: weka nyuzi mpya, kwa maana uzi wenye kutu hudanganya. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, uachie. Utasikia sauti nyembamba kama kengele. Kisha kandamiza hapo hapo, upige tena. Sauti mbili lazima zifanane. Ya kukandamiza ikiwa juu, rudisha daraja nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Uzi mnene huhitaji urefu zaidi kuliko mwembamba, kwa sababu ni mgumu na kidole kinapoukandamiza huupandisha sauti. Ndiyo maana daraja hukaa mshazari kidogo. Halafu pigilia misumari, si kabla.

Msidhani ni kazi ya maskini tu. Mwaka 1963 huko London, kijana Brian May na baba yake walianza kutengeneza gitaa nyumbani, shingo yake ikatoka katika mbao za mahali pa moto pa kizamani, na katika daraja lake waliupa kila uzi kitegemeo chake cha kusogezwa. Gitaa hilo lilisikika dunia nzima katika bendi ya Queen. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na familia yake iliondoka huko baada ya mapinduzi ya mwaka 1964.

Ndugu zangu, sisi watu wa Rumonge tumekimbia mara nyingi, na kila mara tunaokoa kile mkono unachoweza kushika. Wazee waliobaki wanajua mambo ambayo hayakuchongwa kwenye fimbo yoyote. Tuwaulize sasa, wangali wanatusikia. Mimi sikumuuliza mjomba kwa nini hakupigilia daraja, na jibu nimelipata nikiwa na mvi.

Fimbo iko kwangu. Kijana yeyote na aje aipime, lakini aje na masikio yake.