Kronografu, saa iliyozaliwa kwa vipuri

Tarehe 26 Oktoba 2017, katika mnada wa Phillips mjini New York, saa ya mkono iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Ilikuwa Rolex Daytona ya chuma cha pua, ya miaka ya 1960. Newman alishindana mbio za magari, na mkewe Joanne Woodward, aliyemnunulia saa hiyo, alichongesha mgongoni mwa saa maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Hadi siku hiyo hakukuwa na saa ya mkono iliyofika bei hiyo mnadani.

Habari ya bei ilienea dunia nzima. Lililosemwa kwa uchache ni kwamba mashine iliyo ndani ya saa ile haikubuniwa na Rolex. Ilikuwa Valjoux 72 iliyofanyiwa marekebisho, kazi ya kampuni ya Bonde la Joux, Uswisi. Uso wake wa rangi mbili, ule uliowatia wazimu wakusanyaji, ulitoka kwa Singer, watengenezaji wa nyuso za saa wa mji wa La Chaux-de-Fonds. Rolex ilinunua, ikarekebisha, ikafunga, ikapima, ikaweka jina.

Hapo hapakuwa na hila yoyote. Mabasi yetu ya masafa hujengwa vivyo hivyo: chesisi ya Scania au Isuzu, bodi ya fundi wa Nairobi au Mombasa, halafu ubavuni jina la mwenye kampuni, na abiria hamuulizi mtu chesisi ilitoka wapi. Ndiyo maana nikisikia mtu akidharau kronografu ya zamani iliyojengwa upya kwa vipuri vya kuokoteza, nataka kumuuliza ni lini saa hizo ziliwahi kujengwa kwa namna nyingine.

Kronografu, kwa asiyeijua, ni saa ya kawaida iliyobeba ndani yake chombo cha kupimia muda. Unabonyeza kitufe, mshale mrefu wa katikati unaondoka. Unabonyeza tena, unasimama. Unabonyeza kitufe cha pili, unaruka kurudi sifuri. Pembezoni mwa uso huwa na vipimo: ukitumia sekunde 30 kumaliza kilomita moja, mshale utakuonyesha 120, mwendo wako kwa saa. Madaktari walikuwa na za kwao za kuhesabia mapigo ya moyo, na wanajeshi wa mizinga walikuwa na za kupimia umbali kwa kulinganisha mwako na mlio.

Kwa miaka mingi sifa ya uvumbuzi ilipewa Mfaransa Nicolas Rieussec, ambaye mwaka 1821 alipima mbio za farasi Paris kwa chombo kilichodondosha tone la wino kwenye uso kila farasi alipovuka mstari. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba Louis Moinet, Mfaransa mwenzake, alikuwa amemtangulia. Chombo chake cha 1816, alichokitengeneza kwa ajili ya kupima mienendo ya nyota, kilipiga mara 216,000 kwa saa, kasi ambayo hata leo saa nyingi za springi hazifikii hata theluthi yake.

Lakini vyombo vingi vya wakati huo vilikuwa na tatizo moja: mshale uliondoka na kusimama, ila kuurudisha sifuri papo hapo haikuwezekana. Jibu lilitoka kwa Adolphe Nicole, Mswisi aliyefanya kazi London, katika hataza yake ya mwaka 1844. Aliweka chini ya mshale kemu ndogo, kipande cha chuma chenye umbo la moyo. Nyundo ikiiangukia kemu hiyo, popote mshale ulipo, kemu huteleza na kuzunguka mpaka nyundo itulie kwenye bonde la moyo, na bonde hilo limepangwa lilingane na sifuri. Haihitaji hesabu wala umeme. Saa kamili yenye uwezo wa kuanza, kusimama na kurudi ilionyeshwa London mwaka 1862, kutoka karakana ya Nicole na mwenzake Capt, kwa mikono ya fundi Henri Féréol Piguet. Fungua kronografu ya springi iliyotoka kiwandani mwaka huu na utaukuta moyo ule ule, umbo lile lile. Sijui mitambo mingi inayoweza kujivunia hivyo.

Sasa tupande milimani. Katika Jura, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, theluji huwafungia watu ndani miezi mingi, na wakulima walijaza msimu huo kwa kutengeneza vipande vya saa. Nyumba hii skrubu, ile springi, ile mishale. Mwenye mtaji alikusanya vipande, akawapa mafundi wa kufunga, akauza. Karl Marx, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital ya mwaka 1867, alitumia mistari mingi kuorodhesha mafundi hao mmoja mmoja, kisha akausema mji mzima wa La Chaux-de-Fonds kuwa kiwanda kimoja cha saa. Watu wa zama za Ujamaa waliokisoma kitabu hicho huenda waliipita sehemu hiyo haraka. Kwa historia ya saa, ni kati ya maelezo bora yaliyopo.

Utaratibu huo uliingia karne ya 20 bila kubadilika sana, ila vibanda vilikua kampuni. John na Charles Reymond walianza karakana yao Les Bioux mwaka 1901, ambayo baadaye iliitwa Valjoux. Venus walikuwa Moutier. Lemania walikuwa L'Orient. Kijiji cha Le Landeron kiliipa jina kampuni ya Landeron. Hawa walitengeneza mashine ghafi, yaani bamba, madaraja na gia, na kuwauzia wenye majina. Mishale ilinunuliwa Universo, nyuso kwa Singer na wenzake, makasha mengi yasiyoingiza maji kwa Piquerez wa Bassecourt. Kwa hiyo Valjoux 72, iliyotoka mwaka 1938, utaikuta ndani ya Rolex Daytona, ndani ya Heuer Carrera ya mwaka 1963, na ndani ya Enicar Sherpa Graph. Hata Omega Speedmaster, iliyopasishwa na NASA mwaka 1965 na kushuka mwezini mkononi mwa Buzz Aldrin mwaka 1969, ilitumia mashine iliyobuniwa Lemania na Albert Piguet.

Landeron ndio walioleta mageuzi ya bei. Kronografu za awali ziliongozwa na gurudumu la nguzo, kipande chenye nguzo ndogondogo zilizosimama, kigumu kuchonga na ghali. Mwaka 1937 Landeron wakaweka badala yake kemu bapa, ya kukatwa kwa mashine ya kupiga chapa. Wenye kujikweza walicheka. Lakini ni kemu hiyo iliyoifanya kronografu ifike kwenye mkono wa mtu wa mshahara wa kawaida, na ndiyo inayofanya vipuri vyake vipatikane mpaka leo.

Serikali ya Uswisi yenyewe iliogopa nguvu ya vipuri. Wafanyabiashara walikuwa wakisafirisha mashine zikiwa vipande, ili zifungwe nje ya nchi kwa gharama ndogo na kukwepa ushuru mkubwa wa saa kamili. Mwaka 1934, katikati ya mdororo wa uchumi, serikali ikaweka sheria: hakuna kusafirisha mashine ghafi wala vipande vyake bila kibali. Saa iliyojengwa kwa vipande vya kukusanya ilitazamwa kama tishio kwa taifa zima.

Mauzo ya nje yaliyokuja kuleta kizazi kipya yalihusu China. Mwaka 1961 kiwanda cha saa cha Tianjin kiliagizwa kutengeneza kronografu kwa ajili ya marubani wa jeshi la anga, kazi iliyopewa jina la Mradi 304. Venus wakawauzia mitambo ya kutengeneza mashine yao ya Venus 175, ile ya gurudumu la nguzo. Saa zilizofika kwa marubani miaka ya 1960 zilikuwa chache. Lakini uzao wa mashine ile haukufa: leo kampuni ya Seagull ya Tianjin huiuza kwa jina la ST19, na wanaojifunza kujenga kronografu mezani kwao, Ulaya, Marekani au kwingineko, wengi huanza nayo kwa sababu ni mpya na ni rahisi kwa bei. Venus yenyewe ilimezwa na Valjoux mwaka 1966. Mashine yake ya 188 ikabatizwa upya Valjoux 7730, na mwaka 1969 ikatoka mdogo wake, 7733.

Mwaka huo wa 1969 ulikuwa wa neema na wa msiba kwa pamoja. Kronografu za kwanza zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono zilitoka tatu karibu kwa mpigo: Zenith na El Primero yao mwezi Januari, kisha muungano wa Heuer, Breitling, Büren na Dubois-Dépraz mwezi Machi, huku Seiko wa Japani nao wakiingiza ya kwao sokoni. Siku ya Krismasi Seiko wakauza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwatsi. Saa za kwatsi zikaenea, na ndani ya miaka 15 ajira katika viwanda vya saa vya Uswisi zilishuka kutoka takribani 90,000 hadi karibu 30,000. Viwanda vilifungwa, na mitambo ikauzwa kwa uzito wa chuma.

Zenith, wakati huo mali ya Wamarekani, waliamriwa mwaka 1975 kuachana na mashine za springi. Msimamizi mmoja wa karakana ya Le Locle, Charles Vermot, aliandika barua kupinga, hakusikilizwa. Basi akabeba kidogo kidogo kemu, zana na mashine za kupigia chapa, akazificha darini, akiandika kila kitu kilipo na kinavyotumika. Soko lilipofufuka miaka ya 1980, Zenith walirudi kazini kwa vitu alivyoficha, na kuanzia mwaka 1988 Rolex walitia El Primero ndani ya Daytona. Kronografu yao wenyewe, mashine na vyote, Rolex waliitoa mwaka 2000 tu.

Mahali pengine hapakuwa na Vermot, na maghala ya mishale, nyuso, makasha na mashine ambazo hazijawahi kufungwa yakatawanyika kwa wafanyabiashara wa vipuri. Hilo ndilo ghala ambalo mjenzi wa leo anachotea, pamoja na saa mbovu za kuchinjwa.

Kwa saa ya vipuri vya zamani, mwenye akili huanza na Valjoux 7733. Ilifyatuliwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaingia kwenye saa za kampuni nyingi, kubwa na zilizosahaulika. Hutiwa ufunguo kwa mkono. Hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kwa sekunde, ndiyo maana haipimi chini ya sehemu ya tano ya sekunde. Sekunde za kawaida ziko upande wa 9, dakika 30 upande wa 3. Namba yake imepigwa kwenye bamba, chini ya gurudumu la mizani. Vipuri vingi vya 7730 huingia, ila si vyote, na uso uliotengenezwa kwa Landeron hautakaa kamwe, kwa kuwa viguu vyake na matundu ya mishale haviko mahali pamoja.

Kuiosha na kuitia mafuta ni kazi ya fundi yeyote mwenye subira. Ugumu uko kwenye klachi, sehemu inayounganisha mshale wa kronografu na mwendo wa saa. Skrubu ndogo ambazo mhimili wake hauko katikati ndizo zinazoamua meno ya gia yaumane kwa kina gani. Yakiumana sana, mshale huruka unapoondoka na saa nzima huchoka. Yakiumana kidogo, mshale hutetemeka au hukwama njiani. Kisha kuna mshale wenyewe: usipobanwa sawasawa, kila nyundo ikipiga moyo, mshale huteleza kidogo, na baada ya wiki sifuri yako imekuwa mbili.

Hapa nina onyo zito. Mishale na nyuso za kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani. Mng'ao umekufa, lakini radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usiikwangue, usiipulize, wala usiifungulie kwenye meza unayolia chakula.

Swali la uhalali linabaki, nalo nalijibu bila kupinda. Kuunganisha vipuri si kosa. Kosa huanzia kwenye wino wa usoni. Miaka ya 1970 Sultan Qaboos wa Oman aliagiza, kupitia duka la Asprey la London, Daytona zenye nembo ya jambia la Oman kwenye uso. Leo nembo hiyo ndogo huzidisha thamani ya saa mara nyingi, na wapo wanaoichapa kwenye nyuso ambazo Oman haikuwahi kuziona. Mafundi hao wana ujuzi sawa na mjenzi mwaminifu, ila wanauza uongo.

Basi ukiijenga ya kwako, andika usoni jina lako au uache mtupu. Andika pia karatasi moja: mashine ilitoka wapi, kasha wapi, uso wapi, nini ni cha zamani na nini ni kipya. Iweke ndani ya sanduku la saa, na siku ukiiuza, mkabidhi mnunuzi karatasi hiyo kabla hujapokea pesa yake.