Rbf1

Rbf1 ni protini ya nzi wa matunda, *Drosophila melanogaster*, inayozuia seli kugawanyika ovyo kwa kunyamazisha jeni zinazoendesha mgawanyiko huo. Ilielezwa mwaka 1996. Ni ya ukoo mmoja na protini RB ya binadamu, ambayo jeni yake ikiharibika huweza kusababisha saratani ya retina kwa watoto. Nzi huyu ana protini nyingine ya ukoo huo, Rbf2.

Rbf1 hufikia DNA kupitia protini za E2F, ambazo huishika DNA zikishirikiana na protini Dp. Ikiikamata E2F1, huizuia kuwasha jeni. Ikiungana na E2F2, jeni hubaki zimezimwa, mara nyingi ndani ya kundi la protini liitwalo dREAM. Seli inapojiandaa kunakili DNA yake, vimeng'enya vya Cdk vikiongozwa na protini za saiklini huipachika Rbf1 fosfati, nayo huiachia E2F. La kustaajabisha ni kwamba sehemu ya Rbf1 inayochangia kunyamazisha jeni ndiyo pia inayoifanya ivunjwevunjwe upesi. Kundi la protini la COP9 huikinga. Nzi wasio na Rbf1 kabisa hufa kabla ya kukomaa.