mpangilio (katika fizikia ya yabisi)

Nomino, ngeli ya U-I, wingi mipangilio. Kutokana na kitenzi panga > pangilia.

Maana

Mpangilio ni hali ambapo sifa fulani ya atomu au elektroni hujirudia kwa ruwaza moja katika fuwele nzima, badala ya kuelekea ovyo. Hali hii huzuka yenyewe halijoto inaposhuka chini ya kiwango maalumu. Ndiyo maana neno mpango halifai hapa, kwa kuwa mpango huhitaji mpangaji mwenye nia. Utaratibu nalo hudokeza hatua za kufuatwa, na oda ni neno la dukani na hotelini.

Aina mbili zinazochanganywa

*Mpangilio wa kisumaku.* Atomu nyingi za metali za mpito hubeba usumaku mdogo wenye mwelekeo. Mielekeo hiyo ikifuata ruwaza, tunasema kuna mpangilio wa kisumaku. Tusiandike "mpangilio wa sumaku", maana msomaji atadhani ni vipande vya sumaku vilivyopangwa mezani.

*Mpangilio wa obitali.* Obitali ni eneo lenye umbo maalumu, kandokando ya kiini cha atomu, ambamo elektroni ina uwezekano mkubwa wa kupatikana. Isichanganywe na obiti, ambayo ni njia ya sayari au setilaiti. Obitali nyingine zimerefuka upande mmoja. Zinapoelekea pande maalumu kwa kufuatana, atomu hadi atomu, huo ni mpangilio wa obitali. Hapa kihusishi "wa obitali" kinafaa, kwa kuwa obitali zenyewe ndizo zinazopangika.

Umoja au wingi?

Chaguo hili la kisarufi hubeba dai la kisayansi. Tuchukue oksidi ya manganisi yenye lanthani na stronti, ambayo fomula yake ni La0.5Sr1.5MnO4. Imejengwa kwa matabaka ya manganisi na oksijeni, yaliyotenganishwa na matabaka ya lanthani, stronti na oksijeni. Ikipozwa hadi karibu kelvini 220, yaani takriban nyuzi 53 za Selsiasi chini ya sifuri, obitali hujipanga. Wakati huo usumaku wa atomu bado haujajipanga; hufanya hivyo halijoto inapofika karibu kelvini 110. Mwaka 1998 Youichi Murakami na wenzake waliripoti kuuona mpangilio wa obitali katika oksidi hii kwa kutumia eksirei.

Sasa linganisha:

Si sahihi: *Mpangilio wa kisumaku na obitali ulitokea fuwele ilipopozwa.*

Sahihi: *Mipangilio ya kisumaku na ya obitali ilitokea katika halijoto mbili tofauti.*

Sentensi ya kwanza imeyafanya matukio mawili kuwa moja. Mwanafunzi atakayeisoma hatajua kwamba kati ya kelvini 220 na 110 kuna hali ambamo mpangilio mmoja upo na mwingine haupo. Sentensi ya pili imerudia kihusishi "ya" mbele ya kila aina, na marudio hayo si ziada. Hata hivyo, tofauti ya wakati haimaanishi kwamba mambo haya hayahusiani. Mwelekeo wa obitali huchangia kuamua ni atomu zipi jirani zitakuwa na usumaku wa upande mmoja na zipi zitapingana. John Goodenough alieleza uhusiano wa aina hiyo katika oksidi za manganisi mwaka 1955. Kitenzi kinachofaa kuuelezea ni kuathiri au kuongoza, si kuwa.

Maneno jirani

*Usumaku wa kupishana.* Ni hali ambapo atomu moja huelekeza usumaku wake upande mmoja na jirani yake upande wa pili, hata jumla yake ikawa sifuri. Huitwa pia antiferomagneti. Louis Néel wa Ufaransa alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1970, na kazi yake juu ya hali hii ilikuwa miongoni mwa sababu. Tafsiri "kutokuwa na usumaku" ni potofu, kwa kuwa kila atomu ina usumaku wake, ila nguvu zao zinafutana. "Usumaku kinzani" nao una utata, kwani waweza kueleweka kuwa diamagneti, yaani tabia ya kitu kusukumwa na sumaku ya nje.

*Metali za mpito.* "Mpito" hapa ni mahali pa elementi hizo katika jedwali la elementi, kati ya makundi ya kushoto na ya kulia. Si mpito wa muda, kama ule wa serikali ya mpito. Kwa hiyo tusiseme "metali za muda" wala "metali zinazopita".

*Oksidi zenye matabaka.* Kivumishi "kitabaka" kimekwisha kuzoeleka katika mijadala ya kijamii, kama katika *mgawanyiko wa kitabaka*. "Oksidi za kitabaka" zingekuwa oksidi za mabwanyenye na makabwela. Andika *oksidi zenye matabaka* au *oksidi za matabaka*.

Kwa mfasiri

Kabla ya kuandika mpangilio, jiulize: ni nini kinachojipanga, na katika halijoto ipi? Majibu yakiwa mawili, tumia wingi na urudie kihusishi.